Dakika Sita za Kutembea: Kupima Pumzi na Moyo wa Mzee

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Migori na Homa Bay



Mzee aliyezoea kwenda soko la Rongo au Oyugis kwa miguu huanza kupumzika njiani mara moja, kisha mara mbili. Baadaye hupanda bodaboda, na mwishowe haendi tena. Jamaa husema, "Ni uzee tu." Huenda ni uzee. Lakini huenda pia ni moyo unaoshindwa kusukuma damu, upungufu wa damu, au mapafu yaliyoumizwa na moshi wa jikoni na wa kukausha samaki. Anayengoja hadi miguu ivimbe hufika hospitalini amechelewa.

Njia kamili ya kupima uwezo wa moyo na mapafu ni kumfanyisha mtu mazoezi makali huku mashine ikipima oksijeni anayotumia. Kwa wazee wengi ni kazi nzito, na mashine ni ghali. Ndiyo maana madaktari hutumia kipimo cha kutembea dakika 6. Awali zilikuwa dakika 12. Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba muda mfupi zaidi unatosha.

Kinavyofanywa

Panahitajika mahali tambarare penye urefu wa mita 30, alama mbili, kiti na saa. Mzee hupumzika kwanza kama dakika 10, kisha hupimwa presha na mapigo ya moyo. Hutembea kwenda na kurudi kwa mwendo wake mwenyewe, bila kukimbia. Akichoka, anaweza kusimama na kuendelea, ila saa haisimamishwi. Mwenye mkongojo hutembea nao, na dawa zake za kila siku hazikatizwi. Kwenda na kurudi mara moja ni mita 60. Aliyefanya hivyo mara 7 ametembea mita 420.

Umbali huo humsaidia daktari kukadiria uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Ni makadirio tu, kwa sababu umri, kimo, uzito na maumivu ya magoti pia hubadilisha matokeo. Hivyo mzee asilinganishwe na jirani yake. Alinganishwe na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita, kwenye njia ileile na saa ileile. Akipungukiwa na mita 30 au zaidi, inafaa sababu itafutwe.

Tahadhari

Kipimo hiki kifanywe mbele ya mhudumu wa afya, asubuhi kabla ya jua kali. Asipimwe mtu aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja, mwenye maumivu ya kifua yanayomjia hata akiwa amepumzika, mwenye mapigo zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ameketi, au mwenye presha inayozidi 180 kwa 100. Kutembea kukome mara moja mzee akiumwa kifua, akipepesuka, akitokwa jasho lisilo la kawaida au akikosa pumzi kabisa.

Baada ya hapo

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa vifaa, zikiwemo mashine za kupima presha. Familia ianze kwa mhudumu wa kijiji chake, naye ataielekeza kwenye zahanati au kituo cha afya.

Kwa mzee asiye na tatizo, dawa ni kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mzee akianza kupumzika njiani pale ambapo hakuwa akipumzika, apelekwe akapimwe.