Raia Mtiifu Huuliza: Ni Sheria Ipi?

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya jamaa wa msikiti, Bombo, Wilaya ya Same)



Nimeombwa nizungumze juu ya amri za Serikali na haki za raia. Wengine hudhani hilo ni jambo la mawakili na watu wa mjini. Lakini ninyi mnaokaa hapa milimani mnakutana nalo kila mara. Mkulima hushusha magunia ya tangawizi akakuta kizuizi cha ushuru. Mzazi huletewa habari ya mchango. Mjane huambiwa kwamba shamba alilolilima miaka thelathini si lake. Kijana huitwa kueleza kwa nini hakufika kwenye msaragambo. Katika mambo yote hayo swali ni moja: je, nimeamriwa kwa sheria, au nimeamriwa na mtu tu?

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, imetuagiza kuwatii wenye mamlaka juu yetu. Aya hiyo tunaikumbuka sana. Lakini tuitazame pia aya iliyoitangulia. Humo tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Kwa hiyo wajibu wa mwenye mamlaka umetajwa kwanza, ndipo ukafuata wajibu wa raia. Mwenye kumkumbusha kiongozi amana yake hajaacha utii, bali anaukamilisha.

Niwasimulieni jambo moja ambalo limekaa moyoni mwangu. Miaka mingi iliyopita, katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nilikuwapo nyumbani kwa mama mmoja mjane. Walifika watu watatu, wakasema hajatoa mchango, wakamfungua mbuzi wake na kuondoka naye. Hawakuonyesha karatasi yoyote, wala hawakuacha stakabadhi. Yule mama alinitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kusoma. Nami nilinyamaza. Nilijiambia kwamba kunyamaza ndiko utii kwa Serikali. Leo najua kwamba sikuwa mtiifu kwa Serikali siku ile. Nilikuwa mwoga tu, na sikuijua sheria. Mazungumzo haya ni deni langu kwa mama yule.

Wazee wetu na mbiru

Watu wa nchi hii ya Upare hawapaswi kufundishwa na wageni jambo hili. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, utawala wa kikoloni ulileta kodi mpya juu ya ile iliyokuwapo, ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa kale waliotolewa watawala wa jadi. Kila mtu alikadiriwa mali yake, kisha akaambiwa kiasi chake. Huyu alitozwa kidogo na jirani yake akatozwa zaidi, na hakuna aliyeweza kuwaeleza watu kipimo kilichotumika.

Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kusikilizwa. Mgogoro ukaendelea, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kudai waume zao warudishwe majumbani na jambo limalizwe. Ilipofika mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha kuondolewa. Mwanahistoria wetu Profesa Isaria Kimambo, ambaye ni mzaliwa wa Upare, aliandika kitabu juu ya habari hii, kikatolewa mwaka 1971.

Nawaomba mzingatie jambo moja. Wazee wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kwa kipimo ambacho hakuna aliyekijua, wakataka kiwango kimoja kinachoeleweka na kila mtu. Baina ya kukataa kodi na kutaka kujua msingi wa kodi pana tofauti kubwa, na katika tofauti hiyo ndimo haki ya raia inamokaa.

Nani aweza kututoza?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 138, imeweka kwamba kodi ya aina yoyote haitatozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na wenye nguvu itokanayo na sheria ya Bunge. Kwa hiyo halmashauri ya wilaya na serikali ya kijiji zina uwezo wa kutoza kwa sababu Bunge limezipa, na kwa kadiri lilivyozipa. Pasipo sheria, cheo cha mtu hakitoshi.

Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Uwezo huo umo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982. Lakini ina njia yake. Kwanza Halmashauri ya Kijiji huandaa mapendekezo. Kisha wananchi huitwa katika mkutano wa kijiji watoe maoni yao. Baada ya hapo Halmashauri ya Kijiji hupitisha, na mwisho hupelekwa Halmashauri ya Wilaya ili ikubaliwe. Hatua hizo zisipotimia, kilichoandikwa ni pendekezo tu, hakijawa sheria.

Hapa pana lawama juu yetu wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, na huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Je, ni wangapi kati yetu huhudhuria? Siku ya mkutano tumo shambani au sokoni, na siku ya mchango tunalalamika kwamba hatukushirikishwa. Asiyehudhuria mkutano amewaachia wengine ulimi wake.

Msaragambo

Wengine huuliza kama msaragambo ni kazi ya kulazimishwa ambayo Katiba imeikataza. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, lakini haihesabu kuwa shuruti zile kazi ambazo ni sehemu ya wajibu wa kawaida wa jamii. Kusafisha ndiva, kuzibua mifongo ya maji na kutengeneza barabara baada ya mvua ni mambo ambayo babu zetu waliyafanya kabla ya sheria kuandikwa. Basi msaragambo ni wajibu halali na ni sadaka pia.

Lakini asiyefika, mwenye udhuru au asiye nao, hana budi kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Ibara ya 13 ya Katiba imempa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwamba ametenda kosa. Mwenye uwezo wa kumtia mtu hatiani na kumtoza faini ni chombo cha hukumu kilichowekwa na sheria. Kumfungua mbuzi wa mtu na kuondoka naye, bila kumsikiliza na bila karatasi, si hukumu.

Ushuru wa mazao na michango ya shule

Juu ya ushuru wa mazao, kumbukeni kwamba mwaka 2017 Serikali ilipunguza kiwango kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Pia ikasema kwamba mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Viwango vya kodi hubadilika kwa bajeti za kila mwaka. Basi kabla ya kupakia mzigo, ulizeni ofisi ya kata kiwango cha mwaka huo. Mkilipa, daini stakabadhi ya Serikali. Mtoza ushuru mwaminifu hataudhika, kwa maana stakabadhi inamlinda yeye pia. Fedha isiyoandikwa haichimbi kisima wala haijengi zahanati. Huishia mfukoni.

Ama michango ya shule, tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za Serikali, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Januari 2018 Rais John Magufuli alikemea vikali watoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Mzazi anayetaka kusaidia shule ya mwanawe hakukatazwa, na sisi tuwe wa mbele katika hilo. Lakini kumtoa mtoto darasani kwa sababu ya mfuko wa baba yake ni kumwadhibu asiye na kosa.

Shamba la mjane

Swali la ardhi ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Nasi Waislamu hatuna udhuru wowote, kwani Kurani Tukufu imemtajia mjane fungu lake waziwazi: robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Basi ndugu wa marehemu anayemfukuza mjane amevunja sheria ya nchi na sheria ya dini kwa pamoja.

Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Huko huteuliwa msimamizi. Fahamuni kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wenye haki.

Mgogoro wa mpaka au wa shamba huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu tena. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msikubali kuambiwa kwamba mambo yameishia kijijini.

Na jambo linaloua haki zetu za ardhi ni kutoandika. Tunauziana mashamba kwa maneno, mbele ya mzee mmoja, na mzee huyo akifa ushahidi umezikwa naye. Ile aya ndefu ya madeni katika Sura Al-Baqara imetuamuru kuandika mapatano yetu na kuweka mashahidi, na tusichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Mkiuziana ardhi, andikeni, pitieni Halmashauri ya Kijiji, na kila upande ubaki na nakala yake.

Kuuliza kwa adabu

Sasa mtasema: tukiuliza tutaambiwa wakorofi. Ndiyo maana nasema tuulize kwa adabu na kwa karatasi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, imempa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma, nayo ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, weka tarehe, baki na nakala. Usitukane wala usikusanye watu kwa hasira. Asiyejua kuandika atafute mwenzake. Na kwa wasio na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika wilaya.

Maswali ya kushika ni matatu tu, na hata mtoto anaweza kuyahifadhi. Ni sheria ipi? Imepitishwa na nani, na lini? Stakabadhi yangu iko wapi? Majibu yakipatikana, tulipe na tutii bila manung'uniko, kwani Ibara ya 26 ya Katiba imetuwekea sote wajibu wa kufuata sheria. Anayedai haki yake huku akikwepa kodi halali hana tofauti na yule aliyemchukua mbuzi.

Ndugu zangu, mama yule mjane alikwisha fariki. Mbuzi wake hakurudi, na mimi sikumwomba radhi. Siku ile maswali hayo matatu yangetosha. Labda mbuzi angechukuliwa vilevile. Lakini wale watu watatu wangejua kwamba wameulizwa, na yule mama angejua kwamba hakuwa peke yake. Kwa hiyo nawaomba vijana mliosoma hapa Bombo: jirani yako akikutazama siku kama ile, usitazame chini. Msomee karatasi, na kama hakuna karatasi, iulizie.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu uadilifu, atujaalie sisi utii wenye ujuzi, na amrehemu mama yule. Amin.