Mtoto Kwanza, Hesabu Baadaye: Maneno Yaliyosemwa mbele ya Waalimu na Wazee wa Mitaa Siku ya Yubile



Katika siku ya Yubile ni desturi kuhesabu: makanisa mangapi yamejengwa, shule ngapi zimefunguliwa, wanafunzi wangapi wamekwisha kusoma. Hesabu hiyo ni njema, nasi hatuikatai. Lakini sisi tulioagizwa kusema nanyi leo twataka kuuliza habari za wale ambao hawakuandikwa katika daftari yo yote. Wazee wetu walisema, Asiyekuwapo na lake halipo. Na katika watu wasiokuwapo, ni wachache walio mbali kama kijana mwenye ulemavu aliyezaliwa katika kabila la wenyeji wa asili, ambalo lenyewe limekwisha kusukumwa pembeni katika nchi yake. Huyo amefungiwa milango miwili, mmoja kwa ajili ya mwili wake, na wa pili kwa ajili ya ukoo wake.

Twawaletea habari ya nchi ya mbali, Kanada, kwa sababu huko jambo hili limeandikwa katika hukumu za mahakama, hata kila mtu aweza kuliona lilivyo.

Mwaka 1999 alizaliwa mtoto, jina lake Jordan River Anderson, wa watu wa Norway House, kabila la Cree, katika jimbo la Manitoba. Alizaliwa na ugonjwa mzito wa misuli, ikambidi kukaa hospitalini katika mji wa Winnipeg, mbali na kwao. Alipopata miaka miwili, waganga wakasema, Sasa aweza kutoka, akatunzwe katika nyumba ya watu. Je, alitoka? Hakutoka.

Sababu yake ni hii. Kwa Katiba ya mwaka 1867, mambo ya makabila ya wenyeji wa asili yaliwekwa mikononi mwa Serikali Kuu, na mambo ya hospitali na shule mikononi mwa majimbo. Kama angalikuwa mtoto wa watu wengine, jimbo lingalilipa. Lakini kwa kuwa alikuwa mtoto wa Cree, kila upande ulimwonyesha mwenziwe kidole, ukisema, Gharama hii ni yako. Wakabishana zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2005 Jordan akafa hospitalini, mwenye umri wa miaka mitano, wala hakulala hata usiku mmoja katika nyumba ya jamaa.

Angalieni vema, ndugu. Hatusemi kwamba walimchukia mtoto. Walilinda mifuko yao tu, kila mtu wa ofisi akiamini kwamba afanya kazi yake sawasawa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Watu wake hawakunyamaza. Walidai kanuni moja fupi: mtoto akihitaji msaada, serikali iliyofikiwa kwanza na itoe msaada mara moja, kisha ndipo wabishane ni nani atakayelipa. Kanuni hiyo ikapewa jina la Jordan, na tarehe 12 Desemba 2007 Baraza la Wawakilishi la Bunge likaikubali, pasipo mtu wa kuipinga.

Walakini kukubali kwa midomo si kutenda. Mwaka 2010, huko Pictou Landing, katika jimbo la Nova Scotia, mama mmoja wa kabila la Mi'kmaq, Maurina Beadle, alishikwa na kiharusi. Alikuwa na mwanawe Jeremy, kijana mwenye ulemavu mkubwa, ambaye mara nyingi ni mama peke yake aliyeweza kufahamu haja zake. Baraza la kijiji likalipia watunzaji nyumbani, hata likatumia sehemu kubwa ya fedha zake. Lilipoomba msaada, Serikali Kuu ikakataa. Mama akaogopa kwamba mwanawe atapelekwa mbali katika nyumba ya kutunzia watu. Basi yeye na baraza lake wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 hakimu akaamua kwamba haki ni yao.

Tena mwaka 2007 Cindy Blackstock, wa watu wa Gitxsan, na shirika lake la kutetea watoto, pamoja na Baraza la Mataifa ya Kwanza, walipeleka mashtaka juu ya Serikali Kuu. Walingoja karibu miaka tisa. Tarehe 26 Januari 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada liliamua kwamba watoto hao walikuwa wakibaguliwa, na kanuni ya Jordan ilifinywa mno. Mwaka 2017 liliamuru kwamba jambo la haraka la mtoto mmoja lijibiwe katika saa 12. Hata hivyo, mwaka 2024 ikalibidi kuamuru tena, kwa kuwa maombi yalikuwa yamerundikana. Basi jifunzeni hapa maana ya kutetea. Si kusema mara moja kwa sauti kuu, bali ni kusimama karibu na jambo hata litendeke, na likitendeka, kulilinda lisirudi nyuma.

Na sisi watu wa Kanisa tusijitoe katika habari hii. Watoto wapatao 150,000 wa makabila hayo waliwekwa katika shule za bweni, nyingi zikiongozwa na makanisa kwa niaba ya serikali, wakatengwa na wazazi wao na lugha zao. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990, na mwezi wa Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda huko kuomba msamaha. Wale nao walisema, Tupeni watoto, sisi twajua kuwatunza. Kwa hiyo tusishangae mzazi akiogopa mgeni ajaye na maneno ya huruma. Msaada unaomwondoa mtoto kwa mama yake, hali ungeweza kumfikia nyumbani, haujawa msaada.

Tufanye nini basi? Kwanza, waalimu, tuangalie ulimi. Zamani tulisema kilema, kiwete, kiziwi, kana kwamba ulemavu ndilo jina la mtu. Tuseme kwanza mtoto, na jina lake alilopewa na wazazi wake, mengine yafuate.

Pili, mzazi akija mlangoni na mtoto wa namna hii, asiambiwe, Nenda kwa mwingine. Aliyefikiwa kwanza na atende kwanza. Mwalimu ampe nafasi darasani, mzee wa mtaa atafute mtu wa kumsindikiza zahanati, na kamati iulize habari ya gharama jioni, mtoto akiwa amekwisha kuketi.

Tatu, kijana mwenyewe asikilizwe. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za wenyeji wa asili, katika vifungu vya 21 na 22, lawataja wazi vijana na watu wenye ulemavu. Kumsemea asiyeweza kusema ni wajibu; bali kumsemea awezaye kusema, hali yeye ameachwa nje ya mlango, ni kumnyang'anya mara ya pili. Aitwe barazani, apewe kiti, na apewe muda. Kama asema kwa mikono au kwa macho, aketi karibu naye yule anayemfahamu.

Ndugu, jioni ya leo tutakula pamoja karamu ya Yubile. Kabla hamjaketi, kila mzee wa mtaa na aangalie watu wake, ajiulize, Ni nani amebaki nyumbani kwa kuwa hapana aliyekwenda kumchukua? Kisha aondoke akamlete. Karamu na ingoje.