Huduma za Sauti na Picha katika Maktaba za Vyuo Vikuu: Kanda za Zamani Ziokolewe Sasa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wakutubi na maafisa utamaduni, Bariadi



Huduma za sauti na picha ni filamu, santuri, kanda, kaseti na mafaili ya dijitali, pamoja na vifaa vyake. Hilo sote tunalijua. Kukua kwake nako kunaonekana: maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, inaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na projekta na kamera zimeenea vyuoni. Tunashukuru. Mimi nimekuja kusemea kanda za zamani.

Kanda ya asetati ikianza kuharibika hunuka siki, hukauka na kujikunja. Nyingine gundi yake hunyonya unyevu; ukiichezesha hunata kwenye mashine, na unga wa sumaku, ambao ndio sauti yenyewe, hubanduka. Hata iliyo nzima haina faida bila mashine, na karibu viwanda vyote vimeacha kuzitengeneza. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitahadharisha kuwa mwaka 2025 ungekuwa ukomo wa kuziokoa kanda nyingi. Tumeshaufikia.

Kila msimu wa bajeti tunaomba mashine moja na fundi wa kuitunza, tunapewa kamera. Nasema kwa heshima zote kwa wenye mamlaka: haifai mahafali yawe na fungu la kurekodiwa, halafu bugobogobo, ngoma ya kulima ya Wasukuma, iliyokwisha kurekodiwa iachwe ife.

Kisha kuna majina. Ninayo kaseti yenye lebo ya kalamu ya wino: “Bariadi, wimbo wa kulima.” Basi. Nani aliimba, kijiji gani, kundi ni la Bagika au la Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hakuna. Mkutubi wa Dar es Salaam hawezi kuyajaza hayo. Mzee wa Ntuzu, huku Bariadi, anaweza, maana mara nyingi ningi, yaani kiongozi wa ngoma, hujitaja ndani ya wimbo wake na kuwarushia wapinzani maneno. Wazee hao nao wanapungua. Nyimbo za Wasukuma alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1950 zimetunzwa vizuri Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes; mjukuu wa mwimbaji aliyeko Itilima, mkoani hapa Simiyu, atazisikia wapi?

Napendekeza vyuo vitenge fungu la kuhamishia kanda kwenye dijitali, lisichanganywe na ununuzi wa vifaa vipya. Mashine zilizobaki katika maktaba, redio na makumbusho ziorodheshwe na zitumike kwa zamu. Mafundi wazee wafundishe vijana kabla ya kustaafu. Kanda zinazonuka siki zitangulie. Sauti zihifadhiwe kwa kilohezi 96 na biti 24, nakala tatu, moja nje ya jengo. Maafisa utamaduni wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega waitishe vikao vya kusikiliza, majina yaandikwe palepale, na wazee walipwe posho kama sisi tulioketi hapa. Nakala zirudi Simiyu, pamoja na za nje ya nchi. Narudia, kwa kuwa nimelisema mahali pengi bila kusikilizwa: fungu la kanda lisimame peke yake. Vikao vianze kiangazi hiki, pamba ikishauzwa na wazee wakiwa nyumbani.