Wingi wa Laini si Wingi wa Watu: Mwenendo wa Soko la Mawasiliano na Huduma za Halmashauri

(Mada iliyowasilishwa katika kikao kazi cha Watendaji wa Kata, Watendaji wa Vijiji na Wenyeviti wa Vijiji)



Huduma nyingi za Halmashauri siku hizi huanzia kwenye simu. Mfanyabiashara anayekata leseni, mfugaji anayelipa ushuru wa mnada na mwananchi anayelipia kiwanja, wote hupewa kumbukumbu namba ya malipo na kutakiwa kulipa kwa simu, benki au wakala. Utaratibu huu umepunguza fedha taslimu zinazopita mikononi mwa wakusanyaji. Hata hivyo, umejengwa juu ya dhana kwamba kila mwananchi ana simu, na kwamba simu hiyo inashika mtandao. Dhana hiyo inapaswa kupimwa.

Kutoka waya hadi mnara

Shughuli za simu zilipotenganishwa na posta katika miaka ya 1990 na TTCL kuundwa, simu ilikuwa ni waya. Kumfikia mteja mmoja kulihitaji nguzo, waya wa shaba hadi mlangoni na subira ndefu. Ankara ilifuata kila mwisho wa mwezi. Mwaka 1994 Mobitel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi, ikafuatwa na Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Mnara mmoja uliweza kuhudumia vijiji kadhaa bila kuchimba mtaro, na vocha ilimwezesha mwenye kipato kidogo kulipa kadiri ya uwezo wake.

Takwimu zinaonesha matokeo yake. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na laini za mezani zipatazo 154,000 na za mkononi zinazokaribia milioni 3. Mwaka 2010 za mezani zilikuwa takribani 174,000, ilhali za mkononi zilifikia karibu milioni 21. Kufikia mwaka 2016 za mezani zilishuka chini ya 130,000, na za mkononi zikafika milioni 40.

Waya haukufa, ulibadilika. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari mwaka 2009, ukifuatwa na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza kuenea mikoani, nyaya za shaba zilianza kupokewa na faiba. Leo faiba inaingia maofisini na majumbani mijini, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya minara. Kwa hiyo, ubora wa intaneti kijijini hutegemea pia namna mnara ulivyounganishwa na mkongo.

Takwimu zinazoweza kupotosha

Mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu nchini zilizidi milioni 86. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo. Ni dhahiri kwamba laini hizo hazihesabu watu. Mwananchi mmoja hubeba laini mbili au tatu, kwa kuwa mtandao mmoja unashika nyumbani, mwingine unashika shambani, na wa tatu una bando la bei nafuu. Wakati huohuo, iko kaya yenye simu moja tu. Baba akisafiri nayo, mama aliyebaki hapokei ujumbe wa kliniki wala wa malipo.

Vilevile, neno "mtandao upo" hubeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. La pili ni kutuma na kupokea fedha, jambo linalowezekana hata kwa simu ya kitochi, mradi mtandao uwepo na wakala awe na salio. La tatu ni intaneti ya kasi. Kijiji kinachopata 2G pekee kina mambo mawili ya kwanza, lakini zahanati yake haiwezi kutuma taarifa kwa mfumo wa kielektroniki kwa uhakika. Taarifa ikiandikwa kwa ujumla kwamba mtandao upo, kijiji hicho huhesabiwa kuwa kimefikiwa, na hitaji lake halionekani tena.

Wajibu wa ngazi ya kijiji na kata

Kampuni hujenga mnara penye biashara. Kwa maeneo yasiyovutia biashara, Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni ili zifike huko. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kata yenye taarifa sahihi huwa na hoja yenye nguvu zaidi inapoomba kufikiriwa.

Hivyo basi, Watendaji wanaombwa kuandika, kwa kila kitongoji, ni lipi kati ya mambo matatu yaliyotajwa linapatikana, kwa mtandao upi, na wananchi hutembea umbali gani kulipata. Pale mnara upo lakini huduma ni mbovu, lalamiko lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma. Lisipotatuliwa, lifikishwe TCRA. Wananchi wahimizwe pia kupiga *106# ili kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na kutuma namba za matapeli kwenda 15040.

Aidha, mwananchi asiye na simu asirudishwe nyumbani bila msaada. Aandikiwe kumbukumbu namba ya malipo kwenye karatasi, aelekezwe kwa wakala au benki iliyo karibu, na stakabadhi yake ihakikiwe ofisini. Kukosa mtandao si kosa lake, na huduma anayoiomba ni haki yake kama ya mwenye laini tatu.