Ridhaa ya Mmoja, Taarifa za Wengi: Faragha katika Zama za Ufuatiliaji wa Mtandaoni

Utangulizi

Faragha, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni uwezo wa mtu kuamua nani ajue nini kumhusu, lini na kwa madhumuni gani. Uwezo huo umetambuliwa kuwa haki ya binadamu tangu Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo Ibara yake ya 12 inakataza mtu kuingiliwa kiholela katika mambo yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Na katika Afrika Mashariki umewekwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Pamoja na ulinzi huo wote, hakuna kizazi kilichowahi kujulikana kwa undani na watu kisiowafahamu kama kizazi hiki, ambacho hununua, husafiri, hutafuta dawa, huomba kazi na hata kusuluhisha ugomvi wa ndoa kwa kutumia simu.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu hali hiyo humtupia lawama mtumiaji: amebonyeza "nakubali" bila kusoma, amejianika mwenyewe, basi na avune alichopanda. Mhadhara huu unayapinga maelezo hayo. Hoja yake kuu ni kwamba taarifa zinazokusanywa mtandaoni ni nadra kuwa za mtu mmoja, kwa kuwa kila anayekubali kufuatiliwa huwatoa pia ndugu, majirani, wateja na wafanyakazi wenzake ambao hawakuulizwa. Na kwa sababu hiyo sheria inayoegemea ridhaa ya mtu mmoja mmoja, hata ikitekelezwa kikamilifu, haiwezi peke yake kuilinda faragha ya jamii.

Faragha kama dhamana ya pamoja

Wapo wanaodai kuwa faragha ni fikra ya kigeni isiyo na mizizi katika jamii ambazo watu wake huishi kwa kujuana. Dai hilo linakanushwa na majengo ya pwani yenyewe. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilipangwa kwa daraja za ukaribu: mgeni wa kawaida aliishia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, njia ya kuingilia ilikatwa kona ili mpita njia asiweze kuona ndani, kisha ukafuata uwanja wa katikati ulioitwa kiwanda, baada yake misana, na mwisho chumba cha ndani ambacho hakikufikiwa na asiyehusika. Hodi na ruhusa vilitangulia hatua hizo, desturi iliyotiwa nguvu na mafundisho ya Uislamu, kwani Surat An-Nur inawaagiza waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji. Mpangilio huo ulikusudiwa kuisitiri nyumba nzima, na yeyote aliyemkaribisha mgeni alibeba dhamana ya wote waliokuwamo.

Nadharia ya kisheria iliyoenea duniani ilianzia kwingine. Mwaka 1890 wanasheria wa Marekani Samuel Warren na Louis Brandeis walichapisha katika jarida la Harvard Law Review makala iliyotetea haki ya mtu kuachwa bila kubughudhiwa, wakisukumwa na magazeti yaliyoandika mambo ya ndani ya watu pamoja na kamera zilizoanza kupiga picha za papo kwa papo. Mwaka 1967 Alan Westin, katika kitabu chake Privacy and Freedom, aliieleza faragha kuwa ni udhibiti wa mtu juu ya taarifa zake, na fikra hiyo ina alama kubwa katika sheria za leo zinazotegemea ridhaa. Helen Nissenbaum, katika makala yake ya mwaka 2004, aliusogeza mjadala mbele kwa kuonyesha kuwa kila taarifa hutolewa ndani ya muktadha wenye kanuni zake, hivyo maelezo ya ugonjwa, ambayo ni halali kabisa kati ya mgonjwa na daktari, huwa uvunjaji wa faragha yanapomfikia mwajiri au muuza bima. Nadharia hii ya muktadha, inayouliza taarifa ilitoka wapi na inapelekwa wapi, ndiyo inayoongoza uchambuzi unaofuata.

Namna ufuatiliaji unavyofanyika

Ufuatiliaji wa mtandaoni ni ukusanyaji endelevu wa alama anazoziacha mtumiaji wa intaneti, kuunganishwa kwa alama hizo, na kuzitumia kukisia tabia zake. Chombo chake cha awali kilikuwa kidakuzi, yaani faili dogo ambalo tovuti huliweka katika kompyuta ya mtembeleaji ili imtambue akirudi. Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape kwa haja ndogo ya kibiashara, kwamba duka la mtandaoni likumbuke bidhaa alizochagua mteja. Lakini haikuchukua muda kabla makampuni ya matangazo hayajatambua kuwa kidakuzi cha kampuni moja, kikipandikizwa katika tovuti nyingi, humfuata mtu yuleyule kutoka ukurasa wa habari hadi ukurasa wa dawa. Simu janja iliongeza juu ya hayo mahali mtu alipo, nyendo zake na watu anaowasiliana nao.

Dola nazo hazikubaki nyuma. Nyaraka zilizofichuliwa na Edward Snowden mwezi Juni 2013 zilianza na amri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kila siku kwa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja. Watetezi wa mpango huo walisema kwamba maneno ya wazungumzaji hayakurekodiwa na kwamba kilichochukuliwa kilikuwa metadata tu, yaani maelezo ya nani alimpigia nani, saa ngapi na kwa muda gani. Utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa simu ndefu kwenda kliniki ya saratani, ikifuatiwa na simu kwa dada na nyingine kwa wakili wa mirathi, hutangaza msiba unaokuja bila kuhitaji neno hata moja la mazungumzo. Tena kila kumbukumbu ya aina hiyo ina pande mbili, hivyo anayefuatiliwa mmoja huwaingiza wote aliozungumza nao.

Mfano wa mikopo ya simu

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Afrika Mashariki ni programu za mikopo ya mtandaoni. Mkopaji alipoiweka programu ya namna hiyo katika simu yake, hasa kabla ya katazo la mwaka 2023 litakaloelezwa hapa chini, mara nyingi aliombwa ruhusa ya kufikia orodha ya majina, ujumbe mfupi, picha na mahali alipo, na bila kukubali hakupata fedha. Ujumbe mfupi hutakiwa kwa sababu tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, kisanduku cha ujumbe cha mtu wa kawaida kimekuwa daftari lake la hesabu: kila muamala huleta uthibitisho wenye kiasi, tarehe, saa, salio na jina la mtu wa upande wa pili. Algoriti, yaani utaratibu wa hesabu unaofuatwa na kompyuta kufikia uamuzi, huweza kuyasoma hayo na kukisia mshahara, ada ya shule, mchango wa msiba na deni la dukani, kisha kuamua mkopaji anastahili shilingi ngapi.

Siku ya kulipa inapopita, orodha ya majina hugeuka silaha ya kudai. Mama mkwe, mwajiri, fundi aliyepigiwa mara moja tu na mwalimu wa mtoto hupokea simu au ujumbe unaowaarifu kuwa fulani ni mdaiwa sugu na kwamba wao wametajwa kuwa wadhamini wake, ilhali hawakuweka saini popote wala hawajawahi kuijua kampuni hiyo. Hapo ndipo kasoro ya ridhaa inapojidhihirisha: mkopaji, akiwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali, alibonyeza kitufe kimoja na kutoa namba za mamia ya watu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nafasi ya kukataa.

Mamlaka zimeanza kuchukua hatua. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni moja ya mikopo ya kidijitali kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kutoka kwa watu wengine, na wakati huohuo ikaitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nchini Tanzania, Benki Kuu ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua yenye funzo kubwa zaidi, hata hivyo, ilitoka kwenye duka la programu lenyewe, pale sera ya Google Play ilipozizuia programu za mikopo binafsi, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, kufikia orodha ya majina na picha za mtumiaji. Katazo hilo halikujali kama mkopaji ameridhia au la, na kwa kufanya hivyo liliwalinda watu ambao ridhaa yake isingeweza kuwalinda.

Kutoka deni hadi siasa na nasaba

Utaratibu uleule umeonekana katika mambo mazito zaidi. Kashfa ya kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica, iliyofichuka mwezi Machi 2018, ilitokana na programu ya maswali ya nafsi iliyopakuliwa na watu takriban 270,000, lakini kwa kuwa Facebook wakati huo iliruhusu programu kuchota pia taarifa za marafiki wa mtumiaji, Facebook yenyewe ilikiri kuwa idadi ya walioguswa huenda ilifikia milioni 87. Mwezi huohuo Channel 4 ya Uingereza ilitangaza mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri, ambamo viongozi wa Cambridge Analytica walijigamba kuhusu kazi yao katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013 na 2017. Mwezi Aprili 2018, polisi wa California walimkamata mshukiwa wa mauaji ya miongo iliyopita baada ya kulinganisha vinasaba, yaani chembe za urithi, na vile ambavyo jamaa zake wa mbali walikuwa wameviweka katika hifadhi ya mtandaoni ya kutafuta nasaba. Kukamatwa kwa mhalifu ni jambo la heri. Lakini njia iliyotumika inathibitisha kuwa binamu mmoja asiyejulikana anaweza kuuanika ukoo mzima, wakiwamo watoto ambao hawajazaliwa.

Kwa sababu hiyo, msemo kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa hauna uzito. Muuguzi anayetunza siri ya mgonjwa, mwandishi anayemlinda aliyemletea habari na mwanamke aliyekimbia kipigo akajihifadhi kwa shangazi yake hawana kosa lolote la kuficha. Wana wajibu kwa wengine, na usalama wa hao wengine unategemea kitu ambacho simu ya mtu wa tatu inaweza kukifichua.

Kinachotakiwa katika sheria

Misingi ya kisheria ipo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume yake. Na Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2014, ulianza kuwa na nguvu tarehe 8 Juni 2023. Mahakama nazo zimeonyesha njia. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na vipimo vya mahali mtu anapoishi katika mradi wa utambulisho wa kitaifa wa Huduma Namba, na mwezi Mei 2025 mahakama hiyo iliamuru kufutwa kwa taarifa za mboni za macho zilizokusanywa na mradi wa Worldcoin kutoka kwa Wakenya waliopanga foleni mwaka 2023 kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, ikiona kuwa ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa halali.

Hukumu hizo zinapaswa kuwa kanuni ya kudumu badala ya kusubiri mlalamikaji. Kwanza, sheria itaje aina za taarifa ambazo huduma fulani haziruhusiwi kabisa kuzikusanya, hata mtumiaji akiridhia, na orodha ya majina ya simu iwe ya kwanza kwa wakopeshaji. Pili, mtu ambaye taarifa zake zimetolewa na mwingine atambuliwe kuwa mwathirika kamili mwenye haki ya kulalamika na kufidiwa. Tatu, tathmini ya athari kwa faragha ifanywe na kuchapishwa kabla ya mradi kuanza, uwe wa kampuni au wa serikali, kwa maana dola inayounganisha alama za vidole na laini za simu ina uwezo mkubwa zaidi wa kumfuatilia raia kuliko mfanyabiashara yeyote. Nne, tume na ofisi za makamishna zipewe bajeti na uhuru wa kuikagua serikali inayoziteua.

Hayo hayatapatikana iwapo wananchi wataendelea kuaminishwa kuwa faragha ni mzigo wa kila mmoja na simu yake. Anayeombwa kukabidhi namba za mamia ya watu ili apate fedha za matibabu hajapewa uhuru wa kuchagua, na sheria inayoliita tendo hilo ridhaa imemwacha yeye pamoja na hao mamia. Bunge lina wajibu wa kuirekebisha, na vyuo vikuu vina wajibu wa kulipatia ushahidi na lugha ya kufanya hivyo sasa, wakati ambapo taarifa nyingi za kizazi kijacho bado hazijakusanywa.