Mshauri wa Mawasiliano katika Kampuni ya Pamba: Neno na Ahadi Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi



Taaluma ya isimu imezoea kumchunguza mtumiaji wa lugha darasani, mahakamani, bungeni na katika vyombo vya habari. Ni nadra kumfuata ndani ya kampuni, ilhali huko nako yupo mtu ambaye zana yake ya kazi ni lugha tu: mshauri wa mawasiliano. Mhadhara huu unamtazama mshauri huyo mahali ambapo neno hupimwa kwa fedha, yaani katika ununuzi wa pamba mkoani Simiyu. Hoja kuu ni kwamba wajibu wake wa kwanza ni kuhakikisha kuwa neno la kampuni linabeba ahadi ileile kwa aliyelitamka na kwa aliyelisikia. Kuisifu kampuni ni kazi inayokuja baadaye, kama ipo.

2.0 Mazingira ya Lugha

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa, kwa sehemu kubwa, kutoka Shinyanga. Makao yake makuu ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba nchini. Wakazi wake walio wengi huzungumza Kisukuma, na pamba huiita buluba.

Kabla ya mwaka 1994 biashara ya zao hili ilipitia katika vyama vya ushirika. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka huo, kampuni zenye viwanda vya kuchambua pamba zililazimika kusema na mkulima zenyewe. Hivyo mshauri wa mawasiliano husimama kwenye njia panda ya lugha tatu: Kiingereza cha benki na soko la nje, Kiswahili cha ofisi na matangazo, na Kisukuma cha nyumbani.

3.0 Mifano ya Istilahi

Istilahi za daraja la pamba ni mfano wa mafanikio. Pamba nyeupe isiyo na uchafu ni safi. Iliyochafuka au kupoteza weupe wake ni fifi. Maneno haya yanaeleza kile ambacho jicho linakiona mbele ya mizani, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wakibishana, hubishana juu ya pamba wala si juu ya neno.

Kiuatilifu ni mfano mgumu zaidi. Kitenzi ua kimo ndani ya neno hilo, lakini msikilizaji wa kawaida hakioni. Yeye husema dawa, neno linaloashiria uponyaji na kuficha sumu. Mshauri makini hutumia istilahi rasmi, kisha huifafanua papo hapo: sumu ya kuua wadudu wa pamba.

Mfano wenye uzito kuliko yote ni bei dira. Dira ni chombo cha baharia cha kumwonyesha mwelekeo. Tena ni matarajio ya mbali, kama katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Je, bei dira ni kima cha chini kisichoshuka, au ni makisio? Neno lenyewe halijibu. Mwaka 2019 bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia iliposhuka, wanunuzi walisita, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walikaa miezi kadhaa bila kulipwa. Chanzo cha mkwamo huo kilikuwa soko, wala si msamiati. Hata hivyo, mkulima anayesubiri ada ya shule ya mwanawe ana haki ya kujua mapema kama alichokisikia kilikuwa ahadi au dalili.

4.0 Sarufi ya Uwajibikaji

Tatizo haliishii kwenye msamiati. Linganisha sentensi mbili: “Malipo yamechelewa kutokana na hali ya soko” na “Kampuni haijawalipa wakulima, italipa kwa awamu.” Katika ya kwanza, malipo yamepewa nafasi ya mtenda, na mdaiwa ametoweka. Vivyo hivyo, “fedha za pembejeo zitakatwa” haimtaji mkataji wala kiasi. Menejimenti hupenda miundo hii kwa kuwa ni laini. Msikilizaji naye huona upesi kwamba kuna aliyefichwa.

Hapo ndipo penye mtihani wa mshauri. Mshahara wake hutoka kwa kampuni, lakini thamani yake hutokana na kuaminiwa na mkulima. Akiitwa baada ya uamuzi kupitishwa, atabaki kuwa mpambaji wa maneno. Akiwapo tangu mwanzo, anaweza kusoma rasimu ya mkataba kwa sauti mbele ya wakulima wachache, kuwaomba waieleze upya kwa Kisukuma, na kurudisha mezani kila tofauti iliyojitokeza. Mawasiliano ya kampuni yana safari mbili, na ya kurudi ndiyo inayosahaulika.

5.0 Hitimisho

Idara za Kiswahili huandaa walimu, wahariri na wafasiri. Zinapaswa pia kuwaandaa washauri wa aina hii, wenye elimu ya semantiki, pragmatiki na lugha za jamii wanazozitumikia. Kabla mkulima wa Bariadi hajaweka dole gumba kwenye mkataba, awepo mtu ndani ya kampuni aliyekwisha kuuliza: je, ameelewa kile ambacho sisi tumekusudia? Asipokuwapo wa kuuliza, jibu litapatikana siku ya mizani, na litakuwa limechelewa.