Jua, Mbolea na Tarehe ya Kupanda Ngano

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, wilaya za Mbulu na Hanang)



Kazi yangu ni kukagua hesabu. Mimi si bwana shamba. Lakini mwaka mmoja nilikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi nikavikuta sahihi kwa kila shilingi, hali wanachama wake wamebaki na deni la mbolea na ghala tupu. Nilipozitazama stakabadhi upya niliona jambo ambalo sikuliuliza: tarehe. Mbolea ilifika ngano imekwisha kutoa masuke.

Ngano hujijenga kwa mwanga unaopokelewa na majani mabichi. Mwanga uangukiao udongo mtupu au jani kavu hauongezi hata punje moja. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi tunachopungukiwa si urefu wa mchana, bali ni siku ambazo jua, maji na jani bichi hukutana.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha kwenye Mei. Ngano iliyopandwa kwa wakati hufunika udongo mvua ingali inanyesha, na majani yake hubaki mabichi hadi punje zijae. Iliyochelewa huchanua mvua ikikatika. Jua lililopasa kujaza punje huangukia mabua makavu. Wala tusiharakishe kupita kiasi: ngano ikiiva katika mvua, punje humea kwenye suke.

Naitrojeni hupanua majani, huongeza machipukizi na kuchelewesha kunyauka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Wa DAP una kilo 9, pamoja na fosfati ifaayo mizizi. DAP huwekwa wakati wa kupanda. Urea hufuata ngano inapochipua, udongo ukiwa na unyevu. Urea ikiachwa juu ya ardhi bila mvua kuizamisha, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea. Ikizidi, ngano hulala.

Wazee wa Hanang wanayakumbuka mashamba ya NAFCO ya Basotu, yaliyosaidiwa na Kanada tangu miaka ya 1970. Mitambo yake ilipanda eneo kubwa kwa siku chache. Mkulima mwenye jozi ya ng'ombe au trekta la kukodi hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo hana wiki ya kupoteza akingojea mbolea.

Ndugu Makatibu, kusanyeni mahitaji ya wanachama mara baada ya mavuno. Andikeni tarehe tatu: ya kuagiza, ya kupokea na ya kugawa. Mbolea ikichelewa, isigawiwe ili tu ionekane imetoka. Mifuko isiyofunguliwa, ikipangwa juu ya mbao mahali pakavu, itafaa msimu ujao. Mkutano wa wanachama na uamue.

Deni laweza kuahirishwa. Jua lililopita halirudi. Nami nikija kukagua, nitauliza tarehe kwanza, kisha shilingi.